Kwa nini ukumbi wa hoki wa Toronto hukaa kimya ilhali tiketi zake ni ghali kiasi hiki?

Mkaazi wa Scarborough aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Nimeishi Toronto kwa miaka tisa, na kwa muda wote huo nimekuwa nikiufuatilia mchezo wa hoki ya barafuni kwenye televisheni tu. Watoto wangu wawili wamezaliwa hapa, na huu ndio mchezo unaozungumzwa darasani kwao, kwa hiyo nami nikajikuta nimejifunza sheria zake na kuupenda. Msimu uliopita nilidunduliza fedha kwa miezi kadhaa, nikanunua tiketi mbili za mechi ya Maple Leafs, timu ya hoki ya mji huu, yangu na ya mwanangu wa kwanza. Zilikuwa za ghorofa ya juu kabisa, karibu na paa, nilizipata kwa mtu aliyekuwa akiziuza upya, na bei yake ilizidi fedha tunazotumia nyumbani kwa chakula cha wiki mbili.

Sikujutia kwenda. Mtu asiyewahi kuuona mchezo huu kwa macho yake hawezi kujua kasi yake, wala namna kile kisahani cheusi cha mpira kinavyogonga ubao hadi mlio ukafika darini. Lakini kuna jambo ambalo limenisumbua tangu usiku ule, na ndilo lililonileta hapa. Ukumbi ule unachukua watu wanaokaribia 19,000, na ulitangazwa kuwa umejaa, lakini zilipita dakika nzima nzima ambazo nilisikia vyuma vya viatu vikikata barafu na wachezaji wakiitana. Kipindi cha pili kilipoanza, safu za mbele, zile zilizo karibu na vioo, zilikuwa na mapengo makubwa, kwa kuwa wenye viti walikuwa bado kwenye kumbi za vinywaji zilizo chini ya majukwaa, na wengi walirudi mchezo ukiwa umeshaendelea kwa dakika kadhaa. Mwanangu alisimama akaanza kuimba wito wa kuishangilia timu, watu wa safu tatu au nne waliotuzunguka wakamwitikia kwa moyo, lakini sauti ile ilikufa kabla haijavifikia viti vya chini.

Mimi nimekulia Temeke, mwendo mfupi kutoka Uwanja wa Mkapa, na tangu utotoni ninajua kwamba kelele za mechi ya Simba na Yanga hutoka mzunguko, kwa watu waliolipa kidogo, lakini hata aliyeketi VIP huinuka mpira unapokaribia goli. Ndiyo maana ninauliza kwa dhati: je, ni bei iliyounyamazisha ukumbi wa Toronto, au kuna sababu nyingine ambazo mimi mgeni wa mchezo huu sizioni? Je, miji mingine iko hivyohivyo? Na mtu wa mshahara wa kawaida awapeleke wapi watoto wake waione hoki ya kulipwa wakiwa katikati ya watu wanaoshangilia?

Mhasibu wa Mississauga alijibu:

Ndugu yangu, ulichokiona si bahati mbaya ya usiku mmoja. Kinazungumzwa hapa kila msimu, na watangazaji wa televisheni wenyewe hukitaja kamera zinapoonyesha viti vitupu nyuma ya benchi. Kwa kuwa kazi yangu ni mahesabu ya kampuni, niruhusu nieleze upande wa fedha, kwa sababu ninaamini ndiko jambo hili linakoanzia.

Kila timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, imekuwa ikicheza mechi 41 za nyumbani katika msimu wa kawaida, na sehemu kubwa ya viti vizuri huuzwa kwa tiketi za msimu mzima. Ni familia chache zinazoweza kulipia viti viwili vya mbele kwa mechi 41, na zilizo nazo uwezo huo hazina nafasi ya kutoka usiku mara zote hizo. Kampuni ina vyote viwili, fedha na watu wa kuwagawia. Juu ya hayo, sheria ya kodi ya Kanada inairuhusu kampuni kutoa nusu ya gharama za chakula na burudani za kibiashara kwenye mapato yanayotozwa kodi, na tiketi za michezo zimo humo. Kiwango hicho cha nusu kimekuwapo tangu 1994, na kabla ya hapo kilikuwa asilimia 80. Marekani iliifuta nafuu hiyo kwa upande wa burudani kuanzia 2018, Kanada bado inayo. Kwa maneno mengine, wewe uliyedunduliza mshahara uliokwisha kukatwa kodi unashindania kiti na mnunuzi anayesaidiwa na sheria ya kodi yenyewe.

Sasa mtazame mtu anayeketi kwenye kiti hicho. Amepewa tiketi na msambazaji wa bidhaa au na mwanasheria wake, amekuja na suti moja kwa moja kutoka ofisini, na usiku wake ni wa mazungumzo ya kazi. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu amekuja kwa shughuli aliyoitiwa. Lakini mtu wa namna hiyo hawezi kupiga kelele mbele ya mteja wake, na mapumziko ya dakika kumi na nane yanapokwisha, kama maongezi bado ni matamu, atabaki mezani.

Nataka pia niondoe dhana moja inayorudiwa mno, kwamba bei ni ghali kwa sababu wachezaji wanalipwa mamilioni. Tangu ligi irudi mwaka 2005, baada ya msimu mzima kufutwa kwa mgogoro wa mishahara, kuna ukomo wa fedha ambazo kila timu inaweza kuwalipa wachezaji wake. Ukomo huo ulianza na dola za Marekani milioni 39, na kwa msimu wa 2025-26 umefika milioni 95.5, nao ni uleule kwa timu zote 32. Timu ya Toronto hairuhusiwi kuipita timu ya mji mdogo kwa mishahara hata ingeuza tiketi kwa bei ya dhahabu. Ni kweli kwamba klabu za Kanada hukusanya dola za Kanada na kulipa mishahara kwa dola za Marekani, na huo ni mzigo halisi, lakini Winnipeg na Ottawa wanaubeba pia. Bei ya Toronto inapangwa na wingi wa wanunuzi, basi, na ziada hiyo haimwongezei shabiki mchezaji hata mmoja.

Kuhusu walanguzi, Ontario ilipitisha sheria mwaka 2017 iliyokusudia kwamba tiketi inayouzwa upya isizidi bei yake ya awali kwa zaidi ya nusu. Kifungu hicho kilisimamishwa kabla hakijaanza kutumika, na mwaka 2019 serikali iliyofuata ikakifuta kabisa. Ninaeleza haya ili ujue kwamba bei uliyolipa ina historia ndani ya bunge la jimbo.

Mzee wa Mtaa wa Carlton alijibu:

Mwanangu, mhasibu amesema kweli, lakini ninaona ameanza hadithi katikati. Nilifika mji huu kutoka Mombasa mwaka 1986, nikapanga chumba karibu na Maple Leaf Gardens, ukumbi wa zamani uliofunguliwa mwaka 1931 kwenye makutano ya mitaa ya Carlton na Church. Siku zile viti vilitambulika kwa rangi. Vya dhahabu vilikuwa chini kabisa, na vya kijivu vilikuwa juu, kule ambako sisi tuliokuwa tukifanya kazi za usiku tuliweza kufika mara moja moja. Nami ninashuhudia kwamba viti vya dhahabu vilikuwa vimya hata wakati ule. Conn Smythe, aliyeujenga ukumbi ule, alitaka watu wa viti vya mbele waje wamevaa nadhifu kama wanaokwenda kwenye jumba la maigizo, na adabu hiyo ilirithiwa na watoto na wajukuu pamoja na tiketi zenyewe.

Kilichobadilika ni kwamba zamani wale wa kijivu walikuwa karibu. Paa lilikuwa chini, majukwaa yalisimama wima, na sauti yetu iliwaangukia wachezaji vichwani. Februari 1999 timu ilihamia ukumbi mpya karibu na stesheni ya reli, ambao leo unaitwa Scotiabank Arena, na hapo katikati ya viti vya chini na vya juu vikapangwa vyumba vya kifahari. Tazama tena utakapokwenda, utaona tabaka zima la vioo na mapazia lililowatenga wanaoimba na wanaopaswa kuitikia. Wimbo wa mwanao ulikufa hapo hapo.

Lipo na jambo la pili ambalo halihusiani na fedha, nalo ni hofu. Timu hii ilitwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mara ya mwisho mwaka 1967. Kati ya 2004 na 2023 haikushinda raundi hata moja ya mtoano. Mei 2025 ilicheza mechi ya saba ya raundi ya pili dhidi ya Florida, nyumbani, ikafungwa 6-1, baada ya kufungwa 6-1 nyumbani humo humo kwenye mechi ya tano, na watu wakazivua jezi wakazitupa barafuni. Watu walioishi na maumivu ya namna hiyo hawaingii ukumbini wakiwa wepesi wa kuimba. Wanakaa wameshika magoti, wanasubiri kosa la kwanza. Ukimya huo ni wa watu wanaopenda mno, na mimi ni mmoja wao.

Ukitaka ushahidi kwamba mashabiki wa Toronto si mabubu, nenda Buffalo. Wanangu huvuka mpaka kila msimu, mwendo wa saa mbili kwa gari kama foleni ya darajani ni fupi, kwa sababu kwa miaka mingi kiti kizuri kule kimepatikana kwa bei nafuu kuliko kiti cha paani hapa. Usiku wa Leafs kucheza Buffalo, jezi za buluu hujaa majukwaani, na wenyeji wamelalamika mara nyingi kwamba wanazidiwa sauti ndani ya nyumba yao wenyewe. Ottawa hali ni hiyo hiyo. Ni watu wale wale, tofauti ni kwamba kule waliokata tiketi ni wao wenyewe.

Binti wa Winnipeg alijibu:

Shikamoo mzee, na heshima kwa wote waliotangulia. Naomba nipinge kidogo, kwa sababu nikiwasoma ninaona kama tunakubaliana kwamba bei ikishuka kelele zitarudi zenyewe, nami nimeishi mahali ambapo hesabu hiyo haikutimia kwa urahisi namna hiyo.

Winnipeg ilipoteza timu yake mwaka 1996, ikakaa miaka kumi na mitano bila hoki ya NHL, na timu iliporudi mwaka 2011, tiketi za msimu 13,000 zilimalizika ndani ya siku chache. Ukumbi wetu ni miongoni mwa midogo ya ligi, una viti elfu kumi na tano na ushei, lakini sauti yake inajulikana kote. Wimbo wa taifa unapofika kwenye maneno yanayoitaja kaskazini, 'True North', ukumbi mzima hupaza sauti kwa pamoja, kwa kuwa maneno hayo ndiyo jina la kampuni iliyoirudisha timu nyumbani. Ni shukrani inayotolewa kila mechi. Na mtoano unapofika, watu huvaa nyeupe kuanzia barafuni hadi darini, desturi iliyoanza mwaka 1987 kwa timu ya kwanza.

Pamoja na mapenzi yote hayo, baada ya janga la korona tiketi zetu za msimu zilishuka hadi chini kidogo ya 9,500, na mwanzoni mwa 2024 mwenye klabu alilizungumza hadharani kuwa ni jambo linalomtia wasiwasi. Timu ilikuwa inashinda wakati huo, na viti vyetu ni nafuu kwa mbali kuliko vya Toronto. Kilichotokea ni kwamba watu walizoea kubaki nyumbani. Ninayasema haya kwa uchungu, kwa sababu mji mdogo ukiwa na viti vitupu, swali linalofuata halihusu kelele tena. Linahusu kama timu itakuwapo, na sisi tunajua jibu lake lilivyokuwa mwaka 1996.

Mfano wa upande wa pili ni Montreal. Tiketi zao nazo ni ghali, kampuni nazo zimenunua viti vya mbele, na ukumbi wao wa watu 21,105 ndio mkubwa kuliko wote katika ligi, lakini hakuna anayeuita kimya. Tarehe 29 Mei 2021, wakati masharti ya korona yaliruhusu watu 2,500 pekee kuingia, Canadiens, timu ya Montreal, waliifunga Toronto katika muda wa nyongeza, na nilipokuwa nikitazama kwenye televisheni nilidhani ukumbi umejaa. Watu 2,500 walitoa sauti hiyo. Bei peke yake haiwezi kulieleza jambo hili. Montreal wana mazoea ya kuimba wenyewe pasipo kuamrishwa, na mazoea hayo hulindwa na kila aliyeketi kumwitikia jirani yake.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye lawama yangu mwenyewe, nayo ni muziki wa vipaza sauti. Katika kumbi nyingi za ligi hii, kila filimbi inapolia muziki hufunguliwa kwa sauti ya juu hadi mchezo uanze tena, na skrini kubwa huwaamuru watu wapige kelele. Mtu mmoja akitaka kuanzisha wimbo, ataanza lini? Zile sekunde thelathini za kusimama kwa mchezo ndizo ambazo wimbo wa jukwaani huzaliwa, na zote zimechukuliwa na spika. Baada ya miaka ishirini ya namna hiyo watu hujifunza kusubiri kuamrishwa, na skrini ikinyamaza nao hunyamaza. Jambo hili linaweza kurekebishwa bila kushusha bei hata senti moja, na ndiyo sababu linaniudhi kuliko mengine.

Mwenyeji wa Bern alijibu:

Dada wa Winnipeg amenigusa, kwa hiyo nitaongeza machache kutoka Uswisi. Ukumbi wa SC Bern, klabu ya hoki ya mji wetu, unachukua watu 17,031, na sehemu kubwa ya nafasi hizo ni jukwaa moja refu la kusimama, ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani katika mchezo huu. Tiketi ya kusimama ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, na ndiko wanakokuwa vijana, wanafunzi na wafanyakazi wa kawaida. Mbele yao husimama kiongozi wa nyimbo mwenye kipaza sauti cha mkononi, pembeni kuna ngoma, na nyimbo huendelea hata timu inapofungwa. Kwa miaka mingi klabu hii iliongoza Ulaya kwa wastani wa watazamaji, kwa hiyo si kweli kwamba nafasi za bei nafuu huifukarisha klabu. Viti vya wenye fedha vipo pia, ng'ambo ya pili, na mwenye fedha hulipa zaidi kwa sababu anapenda kulitazama na kulisikia jukwaa lile. Klabu za Amerika Kaskazini zimeondoa karibu nafasi zote za kusimama, kisha zinanunua mitambo ya sauti ili kujaza pengo hilo.

Mkaazi wa Scarborough alijibu:

Ahsanteni sana, na shikamoo mzee. Maelezo yako kuhusu tabaka la vyumba vya kifahari yamenifanya nitafute picha za ukumbi wa zamani, na sasa ninaelewa nilichokuwa nikikisikia usiku ule. Kuhusu Buffalo, bado ninatumia pasi ya kusafiria ya Tanzania, kwa hiyo ninahitaji viza ya Marekani kabla ya kuvuka daraja lile, na hilo litasubiri.

Ila wiki mbili zilizopita nilifanya jambo moja ambalo nadhani linajibu swali langu la mwisho, na labda litamfaa mzazi mwingine anayesoma hapa. Niliwapeleka watoto wote wawili na mama yao kuitazama timu ya wanawake ya kulipwa, Toronto Sceptres, katika ukumbi ulio kwenye viwanja vya maonyesho kando ya ziwa, wenye nafasi takriban 8,000. Tiketi nne za pale zilikuwa chini ya bei ya zile mbili za mwaka jana. Ligi hiyo ilifungua pazia tarehe 1 Januari 2024 hapa hapa Toronto, na mzee atafurahi kujua kwamba mechi ile ya kwanza ilichezwa ndani ya jengo lake la Carlton na Church, kwenye barafu iliyobaki ghorofani juu ya duka la vyakula. Mwezi uliofuata walihamishia mechi moja dhidi ya Montreal kwenye ukumbi mkubwa wa Leafs, wakaingia watu 19,285.

Nilichokikuta ni hiki. Wasichana wadogo walikuwa wamejaa hadi safu ya kwanza ya vioo, wakiwa na jezi za timu zao za mitaani na mabango waliyoyachora kwa mkono. Dakika ya kwanza ya kipindi cha pili viti vyote vilikuwa na watu. Muziki wa spika ulikuwapo, dada, na mara kadhaa uliwakatisha waimbaji, lakini mara mbili jukwaa la upande wetu lilianza wimbo mchezo ukiendelea, na upande wa pili ukauitikia. Binti yangu ana miaka sita. Alirudi nyumbani sauti imemkauka, na asubuhi mama yake alimchemshia tangawizi kabla hajaenda shule.